Kifungu cha Saba na Kondoo Wangu

Jumatatu, 12 Februari 2001

Nimefika! Mzima, meno yote yapo, ila vumbi la Bisil limeingia mpaka ndani ya sabuni. Kutoka mpakani Namanga ni jua na tambarare, tambarare na jua, na ng'ombe waliokonda wanaovuka barabara bila haraka yoyote. Ukame wa mwaka jana uliwamaliza. Mifupa bado iko kando ya lami.

Basi mimi Nyamizi, mtoto wa sita wa mzee Kasanda wa Sikonge, Tabora, niko nchi ya watu. Mwaka mzima wa kujitolea — nikipita miezi mitatu ya majaribio. Kaka yangu Mihambo kaniambia wiki mbili nitakuwa nimerudi nalilia mihogo. Tutaona.

Kazi yangu: kufundisha kikundi cha akina mama kufuga nyuki. Kwetu nyuki ni kama kuku, kila nyumba inao. Bosi yuko Nairobi, Madam Phylis. Mwanamke wa maana, mkavu kidogo, miwani imeshikwa na kamba shingoni. Alinipa mkataba wenye vifungu kumi na viwili. Nilisaini bila kusoma vizuri. Nani anasoma mkataba akiwa na furaha?

Nakaa kwa Tabitha, mwenyekiti wa kikundi, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Bisil. Nyumba ya mabati, chumba changu kina dirisha moja, linatazama zizi. Nimechoka. Nalala.

Alhamisi, 15 Februari

Chai. Chai ya maziwa. Kisha chai nyingine. Tumbo langu limekuwa birika.

Wananicheka Kiswahili changu. Nikisema "naomba uniazime kisu" Tabitha anashika mbavu. Anasema naongea kama mtu anasoma habari kwa redio. Hapa mtu anasema "leta kisu" na hakuna aliyekasirika. Na kila kitu kwao ni "niko na" — niko na swali, niko na homa, niko na bwana. Leo mchana nimejikuta nasema "niko na njaa". Siku tatu tu!

Nimemtia aibu mtu mmoja, au nimejitia mwenyewe. Nyumba ya pili kwenye boma ni ya mama mkwe wake Tabitha, Nalotuesha, ambaye wote tunamwita Koko, yaani bibi. Mwembamba, mrefu, kichwa kimenyolewa kinang'aa. Nilimnyooshea mkono. Akautazama mkono wangu kama kitu nilichookota njiani. Tabitha akaniinamisha kichwa kwa nguvu — kumbe mdogo anainamisha kichwa, mkubwa anakigusa. Koko akanigusa utosini kwa vidole vikavu, akasema kitu, wote wakacheka. Tabitha alitafsiri: ati nywele zangu zingefaa kujazia mto.

Nimempenda papo hapo.

Jumapili, 18 Februari

Kanisani saa nne. Kutoka saa tisa. Ibada ndefu kuliko safari yangu ya kutoka Tabora. Nimeimba Kimaasai bila kujua hata neno moja na hakuna aliyegundua.

Ijumaa, 2 Machi

Mizinga kumi na miwili imeshatundikwa! Si ya magome kama ya kwetu — hapa hakuna miti ya kumenya — ni ya mbao, tumeitundika kwa waya kwenye migunga ili nyegere asifike. Nimeipaka nta niliyobeba kutoka nyumbani. Akina mama kumi na wanne walikuja. Nilipopanda mti wakashika midomo wote. Mwanamke juu ya mti! Nilivaa suruali chini ya kanga, lakini naona suruali haikusaidia sana.

Sironka, mume wa Tabitha, aliuliza kutoka mbali kama huko Tanzania wanaume wamekwisha. Tabitha akamjibu kwa Kimaasai. Sikuelewa, ila Sironka aliondoka upesi.

Sasa tunangoja nyuki. Nyuki hawaitwi kwa mkutano.

Jumatano, 14 Machi

Mdomo wangu! Naandika kwa sababu kuongea siwezi.

Nyuki wamekuja kweli, lakini si kwenye mizinga. Wameingia ndani ya pipa la bluu la Koko. Pipa la maji, la pekee alilonalo, lilikuwa tupu tangu ukame. Koko hakusema kitu wiki nzima, alikuwa anazunguka mbali tu na fimbo yake. Leo wingu limeonekana upande wa Namanga, na Tabitha akasema mvua ikija na pipa likiwa la nyuki, mama mkwe atakunywa nini?

Basi jioni, jua likiwa limepoa, nikaenda. Tabitha alinitengenezea moshi wa mavi makavu ya ng'ombe. Moshi mzuri ajabu, sijawahi kutumia, nitawaandikia nyumbani. Nikachomoa masega moja moja, nikayafunga kwa uzi kwenye mbao za mzinga, malkia naye nikambahatisha. Saa nzima. Nimeumwa mara nne tu, lakini mara moja ni hapa kwenye mdomo wa juu. Umevimba kama andazi.

Pipa likabaki tupu, Koko akaligonga kwa fimbo, likalia, akacheka kama msichana. Kisha akanipeleka zizini. Ana kondoo wachache sana, ukame ulimwachia wa kuhesabika, ingawa hapa mifugo haihesabiwi kwa kidole na mimi nimeshakatazwa. Akanyoosha fimbo akanionyesha kondoo jike mwenye sikio moja jeusi. Akasema maneno marefu. Nikadhani ananionyesha kondoo mzuri, nami kwa mdomo ule nikatoa maneno mawili ninayoyaweza: "Ashe oleng." Asante sana. Akina mama wakapiga kelele za furaha. Nikawaza, jamani, watu wa hapa hufurahi kwa vitu vidogo!

Alhamisi, 15 Machi

Haya. Nina kondoo.

Asubuhi nasikia mtu anaita kutoka zizini, "Paker! Paker!" Anaita na kuita. Tabitha akanitazama. "Si uitike? Ni wewe anaita."

Akanieleza huku anasonga ugali. Mtu akikupa kondoo nawe ukashukuru, jina lako la zamani kwake limeisha. Anakuita Paker, nawe unamwita Paker. Kutoka neno la kondoo, enker. Mbuzi ni Pakine, ng'ombe ni Pakiteng. Hata kondoo akifa, hata akiliwa, jina linabaki. Mkikutana mna miaka themanini, Paker. Nikamwambia nilidhani ananionyesha tu. Tabitha akasema, "Nani anaonyesha mtu kondoo bure? Si ulisema asante? Basi. Hiyo ni yako."

Nilitoka nje. Koko alikuwa ameegemea ua. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Paker." Akaitika kwa sauti kubwa mpaka mbuzi wakashtuka.

Niseme ukweli maana hapa hasomi mtu. Kwetu mimi ni "huyo wa sita". Baba akiita huanza na Mihambo, anapita kwa wote, ndipo anafika kwangu. Leo mtu ana jina ambalo ni la kwetu wawili tu. Nimelia kidogo nyuma ya zizi. Mdomo umepungua.

Jumamosi, 17 Machi

Furaha yangu imekaa siku mbili kamili.

Nilikwenda Bisil kupeleka barua ya ofisi. Barua zetu zinapitia sanduku la posta la Abdille, mwenye duka la sukari, betri, shuka na kila kitu. Ni Msomali, amezaliwa Garissa, amekaa hapa tangu kabla sijazaliwa, anaongea Kimaasai kuliko Wamaasai. Nikamtambia: Mzee Abdille, nina kondoo!

Akasema, "Karibu kwa kazi. Mimi hapa niko na Pakiteng mmoja, mzee wa huko juu. Miaka ishirini. Kila arusi yake lazima niende, kila mgonjwa wake lazima nijue. Hutahama tena wewe." Akapima sukari ya mtu. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Na hiyo ofisi yenu inakubali?"

Mkataba ulikuwa kwenye mkoba. Nikaketi juu ya gunia la mchele nikausoma, safari hii kwa akili. Kifungu cha saba: Mtu wa kujitolea hatapokea ardhi, mali wala mifugo kutoka kwa mwanajamii yeyote. Atakayekiuka atarejeshwa kwao mara moja.

Mifugo. Wameitaja kwa jina!

Sasa nakumbuka Madam Phylis alilisema siku ile ya usaili. Kituo kimoja, sikumbuki wapi, kijana wao alipewa shamba, ndugu wa mtoaji wakagombana, kikundi kikavunjika, mradi ukafa. Alisema kwa huzuni kabisa. Si mtu mbaya. Ana sababu.

Lakini mzinga wangu wa kwanza sasa una nyuki. Asali ya kwanza ni Julai. Na mimi sitaki kurudi, sitaki hata kidogo.

Jumanne, 27 Machi

MVUA! Mvua ya kweli, ya kupiga bati mpaka mtu hasikii mawazo yake. Pipa la Koko limejaa hadi kufurika. Nimecheza kwenye matope na akina mama wazima na heshima zao.

Mvua ilinipa ujasiri, nikamuuliza Tabitha: mtu akitaka kurudisha kondoo anafanyaje? Aliacha kukamua. Akasema hajui, hajawahi kuona. Akafikiri. Alisikia tu habari ya wawili fulani, zamani, mmoja alirudisha mbuzi wa mwenzake, na mpaka leo watoto wao hawanywi maji nyumba moja. Kisha akauliza, kwani Koko amekukosea nini?

Hakunikosea chochote! Nikafungua mkataba nikamsomea kifungu cha saba. Akasikiliza vizuri sana. Akasema, "Hiyo ilikuwa iandikwe kwa mlango."

Nimewaza mchana kutwa, na nimepata. Kondoo ni wangu, kwa hiyo naweza kumtoa! Nitampa Tabitha mwenyewe. Yeye si mtu wa kujitolea, hana mkataba na mtu. Nitakuwa sina mifugo, Koko hatarudishiwa kitu, kifungu kitatulia. Nimemuomba Koko ruhusa kupitia Sironka. Amesema mali yangu nifanye nipendavyo. Wanyamwezi tuna akili!

Jumatano, 28 Machi

Wanyamwezi hatuna akili.

Nilimpa Tabitha kondoo asubuhi. Alifurahi mpaka akanibeba. Koko naye alifurahi, ati nimeanza kuishi kama mtu. Na bado ananiita Paker, jina haliendi na mnyama. Kufika saa sita, Tabitha akaja na mbuzi wake mwekundu, aliyepewa na kaka yake siku ya arusi. Anasema hawezi kupokea akae mikono mitupu, yeye si fisi. Nikasema hapana, hapana, hapana. Nikasema kifungu cha saba. Akasema, "Hicho kinasema usipokee. Mimi sikupi. Mimi narudisha heshima." Na akamfunga mbuzi kwenye dirisha langu.

Anakula kanga yangu sasa hivi ninavyoandika.

Nilikuwa na mnyama mmoja na rafiki mmoja. Nimegawa huyo mmoja. Nina mnyama mmoja na marafiki wawili, na Tabitha ananiita Pakine.

Jumapili, 8 Aprili

Jumapili ya Matawi. Nilikuwa na mpango mpya, safi, mtakatifu. Kanisa linajenga choo, leo ilikuwa harambee. Nitamtoa mbuzi kwa Bwana! Nani atamrejesha mtu kwao kwa kumtolea Bwana? Nilimuuliza Tabitha kwanza. Akasema kwa Mungu hakuna ubaya.

Sikujua harambee za huku. Kwetu ukitoa kitu kanisani kimekwenda. Huku vitu vinapigwa mnada palepale mbele ya madhabahu. Kuku akapanda, viazi vikapanda, jogoo mmoja akanunuliwa mara tatu, kila anayemnunua anamrudisha anauzwa tena, watu wanacheka na kuimba. Akaja mbuzi wangu. Watu wawili wakashindana, na mmoja wao ni Sironka. Sironka anayekuja kanisani Krismasi na Pasaka! Akashinda. Akasimama, akarekebisha shuka, akasema kwa sauti ya mkutano:

"Hii mbuzi nimenunulia mwalimu wetu wa nyuki. Ametoka mbali. Asirudi bila kitu."

Vigelegele. Kwaya ikaimba. Nikaitwa mbele. Mchungaji akaniombea mimi na mbuzi kwa pamoja. Katibu akaandika kwenye daftari la kanisa, jina langu kamili. Sasa kuna ushahidi wa maandishi.

Tumerudi nyumbani wote wanne: Tabitha, Sironka, mimi na mbuzi. Nimecheka njia nzima, nimeshindwa kukasirika. Kadiri ninavyotii sheria ndivyo ninavyotajirika.

Jumapili, 15 Aprili

Pasaka. Kondoo mwenye sikio jeusi amezaa! Jike. Tabitha amesema mtoto wa kwanza ni wangu, hilo hata halijadiliwi, maana nilimpa mama yake akiwa na mimba. Sikubisha. Nimechoka kubisha. Nimemshika, ana joto, moyo unapiga upesi upesi. Ana sikio jeusi pia.

Mizinga sita ina nyuki.

Ijumaa, 20 Aprili

Abdille amenitumia ujumbe kwamba nina barua yenye muhuri. Nilitembea mpaka Bisil. Madam Phylis anakuja Alhamisi tarehe tatu Mei kukagua kazi na kuamua kama ninathibitishwa. Ataongea na kikundi. Ataongea na wenyeji. "Jiandae kujibu maswali kuhusu uzingatiaji wa vifungu vyote."

Vyote.

Abdille akaniuliza sasa uko na wanyama wangapi. Nikamwambia mbuzi na mwana-kondoo. Akasema, "Ofisi ikikupeleka nyumbani, pitia hapa tu, tutakutafutia lori." Halafu alipoona uso wangu akaacha mzaha. Akanipa soda, akakataa hela. Nilikuwa nataka kuikataa kwa sababu ya kifungu cha saba. Nikainywa.

Jioni Tabitha alikuwa na shauri: siku hiyo Sironka ataondoka na wanyama wangu alfajiri, awapeleke malisho ya mbali, warudi gari likishaondoka. Nilikubali. Halafu sikujisikia vizuri. Sijawahi kumdanganya mtu aliyeniamini. Madam alinichagua mimi kati ya watu wengi, akaniambia nina macho ya mtu anayemaliza kazi.

Jumatano, 2 Mei

Shauri limeharibika. Lakini limeharibika kwa uzuri, nashindwa kununa.

Koko amesikia bosi wangu anakuja. Hakuna aliyethubutu kumweleza kifungu cha saba, si Tabitha, si mwanawe, wala mimi. Nimwambieje? Paker, ofisi yangu inasema wewe ni hatari? Kwa hiyo yeye anaelewa hivi: mkubwa wa Paker wake anakuja kutoka Nairobi kuona kama Paker anatunzwa. Na anataka aone! Leo asubuhi nzima ameketi nje anashona shanga. Nilidhani ni zangu. Ni za mwana-kondoo. Mkufu mwekundu, mweupe, na bluu. Amemvisha mwenyewe. Akamwambia Sironka, na Tabitha akanitafsiria huku anajikaza asicheke, kwamba atakayemtoa huyu zizini kesho atamwona yeye Koko na fimbo yake.

Sironka ana miaka hamsini na tatu na ng'ombe wake mwenyewe. Amesema, "Mimi sitoi."

Nimeamua. Kesho nitamwambia Madam mwenyewe, kabla hajauliza. Nikirudi Sikonge nirudi na ulimi wangu mzima. Mihambo acheke. Ila nimezunguka mizinga yote jioni, tisa ina nyuki sasa, nimeigusa mmoja mmoja.

Alhamisi, 3 Mei

Naandika chumbani, mchana, saa nane kasoro. Niandike kwa utaratibu.

Gari lilifika saa nne. Madam kavaa gambuti, nikampenda kwa hilo. Koko alimtokea, Madam akainamisha kichwa bila kuambiwa na mtu, vizuri kabisa, akaguswa utosini. Akina mama wakatazamana: huyu amelelewa. Tukaenda kwenye mizinga. Alisikiliza kila kitu, akauliza maswali ya maana, akaweka sikio kwenye mbao kuwasikia. Akasema kwa miezi mitatu hajaona kituo kilichofika hapa. Nilikuwa nafunua mdomo niseme lile jambo — na Koko akatangulia.

Alikuja amembeba mwana-kondoo na mkufu wake. Akahutubia. Dakika kumi nzima. Fimbo inanionyesha mimi, inaonyesha pipa, inaonyesha kondoo, inaonyesha mbuzi dirishani. "Paker" nilisikia kama mara ishirini. Madam akamgeukia Tabitha, anasemaje? Tabitha, mwenyekiti, mzee wa kanisa, akasema: "Anasema karibu sana."

Madam akavua miwani. "Tabitha. Dakika kumi ni karibu sana?"

Basi nikasema mimi. Vyote. Pipa, asante yangu, Tabitha, harambee, daftari la kanisa. Niliposema jogoo alinunuliwa mara tatu dereva akaangua kicheko, Madam akamtazama akanyamaza. Yeye hakucheka. Lakini alijikuna pua muda mrefu.

Akasema hivi. Kazi yangu ni nzuri na anataka nibaki. Kifungu ni kifungu, hakukiandika kwa sababu ya mtu mbaya, alikiandika kwa sababu ya watu wazuri waliogombana. Ametoa fomu kwenye faili. Fomu ya kurejesha mali. Mimi nasaini kwamba nimerudisha wanyama wote kwenye boma, na Nalotuesha, aliyeanza kutoa, anaweka kidole gumba kwamba amepokea. Nikisaini, nimethibitishwa leo leo. Nisiposaini, nifunge mizigo, gari linaondoka saa tisa na mimi ndani. Akanipa nusu saa nitafakari. Akasema pole, na nilimwamini.

Fomu iko hapa mbele yangu. Kuna mstari wa jina langu na kisanduku cha kidole cha Koko.

Nataka kubaki. Nataka kubaki kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Kusaini ni sekunde mbili. Lakini lazima nitoke nje na wino, nishike kidole cha Koko nikibonyeze hapa, na Tabitha amweleze ni cha nini. Watoto wao hawanywi maji nyumba moja. Siwezi. Nikisaini nabaki mwaka mzima kwenye boma la mtu niliyemgeuza mtu baki, si wangu tena. Nisiposaini naondoka nikiwa Paker wake, niko Tabora. Ipi kubaki, ipi kuondoka? Sijui tena.

Saa nane na robo. Tabitha amemweleza Koko. Naona kwa dirisha. Amemweleza kwa sauti ya chini, ameinama, muda mrefu. Koko alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Ameuliza swali moja, na Tabitha amekuja mbio dirishani kuniambia: ameuliza kama huyu mama wa Nairobi naye ana mtu huku, au amekuja tu hivi hivi, peke yake, barabara yote hiyo. Tabitha amejibu kwamba hana mtu. Koko amesikitika sana.

Ameondoka. Yuko zizini.

Anachagua! Mungu wangu, anachagua. Anainama, anashika mmoja mgongoni, anamwacha, anashika mwingine. Huyo mweupe ndiye bora aliyebaki naye, mwenye mkia mnene, hata Sironka hana kama huyo. Madam amesimama kando ya gari, anaandika, amewapa mgongo. Koko anakuja na mwana wa yule mweupe mikononi. Tabitha ameweka kiganja mdomoni. Akina mama wote wamenyamaza. Dereva ameona, naye amenyamaza.

Ni mimi tu ninayeweza kumwonya. Dirisha liko wazi. Napaswa kuita, Madam, geuka, rudi nyuma, ingia kwenye gari! Ni bosi wangu, ni wajibu wangu.

Siiti.

Amefika. Madam ameinua kichwa. Amemwona Koko, amemwona mwana-kondoo, na uso wake umelegea wote, amekuwa msichana wa kijijini kwao. Mzee akikuletea kitu hukai na vitu vyako mikononi. Ameliweka faili juu ya boneti, na kalamu juu yake. Ananyoosha mikono yote miwili —